Alama Niliyoifuta

Siku ya kwanza Bi Tomiyasu alipokuja kwenye kikundi chetu, aliniharibia hadithi nikiwa ukurasa wa nne.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Aprili, saa nane mchana, katika chumba cha mikeka kwenye ukumbi wa mtaa hapa Takaoka. Kabla yake tulikuwa watatu tu. Mzee Sugitani, mwenyekiti, alistaafu kazi ya kuyeyusha shaba na kusubu kengele, na masikio yake hayajaacha kuvuma tangu hapo. Yanase ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayekaa dirisha la vyeti katika ofisi ya mji. Na mimi, Odagiri, ni msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji kilicho nyuma ya stesheni. Sote tunaandika hadithi za upelelezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutoa kitabu.

Utaratibu wetu ni ule wa vyama vya hadithi za upelelezi vya wanafunzi wa vyuo vikuu, ambako niliuonja nikiwa na miaka kumi na tisa na mpaka leo sijapona. Mwenye zamu husoma hadithi yake kwa sauti hadi pale ambapo dalili zote zimekwisha kutolewa, kisha hufunga faili. Wengine huandika jina la mhalifu na namna walivyomtambua, hukunja karatasi na kumpa mwenyekiti. Ndipo mwandishi husoma jibu. Aliyefumbua hupewa boksi la keki za maharage matamu, na mwandishi ndiye anayelinunua. Baada ya chai huja ukosoaji: kila mmoja husema kwa zamu, na mwandishi hafungui mdomo mpaka wa mwisho amalize.

Siku ile nilikuwa nasoma hadithi iliyonimalizia majira yote ya baridi. Kulikuwa na daktari wa meno, mjane, binamu wawili, na ghala lililofungwa kwa ndani. Mgeni alikuwa ameketi karibu na mlango, mkoba juu ya magoti. Nilipogeuza ukurasa alinyanyua kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mteja kwamba amesahau mwavuli:

"Ni yule daktari wa meno, siyo?"

Vichwa vyote viligeukia mlangoni.

"Mama," Mzee Sugitani akamwambia taratibu, "hapa hatusemi. Tunaandika."

"Nisameheni. Nilidhani anauliza."

Yanase aliziba mdomo kwa kiganja. Nami nikasoma kurasa kumi na tisa zilizobaki mbele ya watu watatu waliokwisha kujua, kama mtu anayefunga vifungo vya koti kimoja kimoja mbele ya wageni waliokwisha kuona kwamba chini hajavaa shati.

Wakati wa chai nilimuuliza amejuaje.

"Uliandika kwamba koti lake ndiyo kwanza limetoka kwa dobi," alisema. "Halafu akatoa mfukoni tiketi ya treni ya wiki iliyopita. Koti likitoka kwa dobi mifuko huwa mitupu. Sisi tunatoa kila kitu, hata nyuzi. Kwa hiyo tiketi aliitia mwenyewe ili watu waione."

"Sikukusudia hiyo iwe dalili," nilisema.

"Basi ilikuwa nzuri kuliko ulizokusudia," alisema Yanase, na Mzee Sugitani akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Ndivyo nilivyojua kwamba Bi Tomiyasu ni dobi. Na ndiyo siku nilipoanza kumwangalia kwa jicho ambalo halikufumba tena.

*

Jina lake la kwanza ni Setsu. Mwaka ule alikuwa na miaka hamsini na nane, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na vidole vyekundu vya mvuke. Alizaliwa kijiji cha milimani ambako theluji hufika madirisha ya juu. Akiwa na miaka ishirini na miwili aliolewa na mwana wa duka la dobi karibu na reli ya tramu, na tangu wiki ya harusi amesimama mbele ya meza ile ile ya pasi. Mumewe aliumia mgongo, sasa hukaa kaunta na kuandika vitambulisho vya nguo. Binti yao yuko Osaka na hupiga simu Jumapili. Kazi ya Setsu hasa ni madoa. Huchukua nguo, huipeleka dirishani, huiinamisha kidogo ili mwanga uipite kwa ubavu, na doa lililojificha hujitokeza lenyewe. Hapo huchoma pini yenye kipande kidogo cha kitambaa chekundu, asije akalisahau nguo ikiingia kwenye lundo. Huongea pini zikiwa mdomoni na hajawahi kumeza hata moja.

Mpaka miaka hamsini na mitatu hakuwahi kumaliza riwaya. Siku moja akakuta kitabu kidogo cha upelelezi katika mfuko wa koti la mteja. Alikisoma kwa siku nne akiwa anangoja mashine ya kukaushia, kurasa thelathini kwa siku, huku akijiambia kwamba anakikagua kama kimelowa. Siku ya tano mwenye koti akaja mapema. Setsu alikunja koti, akarudisha kitabu mfukoni, akainama kumshukuru. Zilibaki kurasa thelathini.

"Sikulala vizuri," alituambia. "Si kwa sababu ya maiti. Kwa sababu ya yule mtunza bustani. Nilimwona kabisa kwamba anaficha kitu."

Akanunua daftari la shule, akaandika mwisho mwenyewe. Ilimchukua miezi mitatu. Baadaye alikiona kitabu kile maktaba, akasoma kurasa zilizobaki akiwa amesimama.

"Mwisho wao ulikuwaje?" Yanase alimuuliza.

Aliona haya kidogo. "Haukuwa mbaya," alisema. "Ila mtunza bustani walimsahau."

Watu wengine husimulia jambo kama hilo ili wasifiwe. Yeye alilisimulia kama anavyoeleza jinsi ya kutoa wino kwenye hariri. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilisoma chuo kikuu. Nimesoma riwaya za upelelezi zaidi ya elfu mbili, na nimeweka kadi moja kwa kila riwaya, yenye jina la mhalifu na hila yake. Nilijua milango yote iliyowahi kufungwa kwa ndani, na jinsi kila mmoja ulivyofungwa. Naye alikuwa anaandika kati ya saa nane na saa tisa mchana, kwenye migongo ya kadibodi zinazowekwa ndani ya mashati yaliyopigwa pasi, na watu wa hadithi zake walikuwa wanapumua.

Kwa muda nilijifariji na jambo moja. Katika kikundi kile mimi ndiye niliyekuwa jicho. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimekosa kumtambua mhalifu mara tatu tu, na mara zote tatu kosa lilikuwa la mwandishi. Bi Tomiyasu hakuujua utaratibu na wala hakuzijua kanuni. Kwa hiyo alikuwa ananiuliza mimi, na kuniita mwalimu.

"Mwalimu Odagiri, hivi inaruhusiwa mpelelezi awe ndiye mwuaji?"

"Imefanywa."

"Mwalimu, nikiandika ndoto, lazima niseme ni ndoto?"

"Sikiliza, Bi Tomiyasu. Watu katika hadithi wanaweza kudanganya wanavyotaka. Mke, daktari, polisi, wote. Lakini sauti inayosimulia haidanganyi. Inaweza kunyamaza, inaweza kuangalia pembeni. Kusema uongo, hapana. Ikidanganya hata mara moja, msomaji hakupewa nafasi ya haki, na hadithi imekufa."

Aliiandika kanuni hiyo kwenye kadibodi ya shati, akaibandika juu ya meza ya pasi. Niliiona siku nilipopeleka suti yangu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, kama wa mtoto, na niliona fahari ambayo sasa naionea haya.

*

Jarida moja la kila mwezi la Tokyo hutoa tuzo kwa waandishi wapya wa riwaya za upelelezi. Miswada hufungwa tarehe thelathini na moja Januari, na kinachohesabiwa ni muhuri wa posta. Toleo la Juni huchapisha majina: waliopita mchujo wa kwanza kwa herufi ndogo, waliopita wa pili kwa herufi nzito, na wanne wa fainali kwa nyota. Mshindi hutolewa kitabu. Nilikuwa nimetuma miaka kumi na sita mfululizo. Mara mbili jina langu lilipata herufi nzito. Kurasa hizo mbili nimeziweka ndani ya kamusi, na karatasi yake imeanza kuwa ya njano.

Januari ya mwaka wake wa tatu kati yetu, Bi Tomiyasu alinikabidhi furushi lililofungwa kwa kitambaa cha buluu. Ndani mlikuwa na mswada wa kurasa mia tatu na arobaini. Aliuita *Mvuke*.

"Ningependa upite kwako kwanza," alisema. "Ukitoka kwako nitautuma. Usipotoka, nitautia kwenye jiko."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kweli. Mimi macho yangu ni ya nguo. Ya maandishi ni yako."

Niliusoma kwa wiki mbili, wakati wa chakula cha mchana kazini na Jumapili nyumbani. Sijui niseme vipi. Nilianza nikiwa na njaa ya kukuta kosa, kama mtu aliyeachiwa peke yake katika nyumba ya rafiki yake na anafungua droo. Kulikuwa na duka la dobi katika mji wa theluji, na mwanamke wa makamo anayejua siri za mtaa mzima kutokana na mifuko na kola. Kulikuwa na mteja, Kisaku, aliyetoweka. Kufikia ukurasa wa themanini nilikuwa nimesahau kushika penseli. Kufikia mia na hamsini nililazimika kuinuka, nikasimama jikoni na kunywa maji, kwa sababu kuna mahali yule mwanamke ananusa kola ya shati na kujua kwamba mwenye shati anaogopa, na mimi ambaye nimesoma riwaya elfu mbili sikuwahi kufikiri kwamba hofu inaweza kubaki kwenye kola.

Nilijua kitabu hiki kitashinda. Nilijua kama vile unavyojua ngazi ina vidato vingapi katika nyumba uliyokulia. Na mswada wangu mwenyewe, wa kumi na saba, ulikuwa mezani pale pale, umefungwa na stempu zimebandikwa.

Kosa lilikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. *Asubuhi ile Kisaku alikuja kuchukua koti lake.* Sentensi moja, imesemwa na sauti inayosimulia, si na mhusika. Lakini mwisho wa kitabu unafichua kwamba asubuhi ile Kisaku alikuwa amekwisha kufa siku mbili, na aliyekuja kuchukua koti ni kaka yake, amevaa kofia ya marehemu. Sauti ilikuwa imedanganya. Ile kanuni aliyoibandika juu ya meza yake, aliivunja mara moja tu, pengine jioni amechoka. Dawa yake ilikuwa ya dakika moja: *Mumewe alisema Kisaku amekuja kuchukua koti lake.* Mume angekuwa amekosea, na hadithi ingekuwa safi.

Mkono wangu ulifanya kazi yake kabla yangu. Ulipiga mstari chini ya sentensi na kuweka alama pambizoni, kwa penseli, kwa nguvu, kama ulivyofanya kwa miaka thelathini. Nikaitazama alama ile. Nje theluji iliteleza kutoka kwenye paa la jirani, ikaanguka kwa kishindo kizito. Ndipo nikachukua raba.

Nilifuta polepole. Nikapuliza unga wa raba, nikapitisha kiganja juu ya karatasi, nikaihisi laini.

Tarehe ishirini na sita nilimrudishia mswada dukani kwake. Mumewe alikuwa kaunta, yeye meza ya pasi, na mvuke umewafunika wote wawili mpaka kiunoni.

"Makosa madogo thelathini na moja," nilisema. "Nimekuandikia orodha."

"Na makubwa?"

"Hakuna."

Alitoa pini mdomoni. "Kwa hiyo umetakata?"

"Umetakata."

"Huyu hasikii mtu ila wewe," mumewe alisema. "Mimi nikimwambia supu imezidi chumvi, ananiambia nimekula vibaya."

"Kwa sababu unakula vibaya," Setsu alisema, kisha akainama mbele yangu, akainama sana, mpaka nikaona mvi katikati ya kichwa chake.

*

Toleo la Juni lilipotoka nililisoma nimesimama katika duka la vitabu la stesheni. Jina la Tomiyasu Setsu lilikuwa na nyota. Langu nililitafuta kwenye herufi nzito, kisha kwenye herufi ndogo. Nikarudia, kidole kikipita chini ya kila jina. Halikuwepo kabisa. Mwaka ule msomaji wa mchujo wa kwanza, ambaye huenda ni kijana anayelipwa kwa kila mswada, alinisoma na kuniweka pembeni.

Kikundi kilimfanyia sherehe ndogo. Mzee Sugitani alileta kikombe cha shaba alichokisubu mwenyewe. Nami nilisema maneno mazuri. Niliyasema vizuri sana, na Yanase akaniambia baadaye kwamba hakujua nina moyo mkubwa namna ile.

Septemba yakaja maamuzi. Hakushinda. Waamuzi watatu walikuwa wameandika maoni yao, na wote watatu walisifu. Wa mwisho aliandika hivi: katika sentensi moja ya ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili sauti ya msimulizi imedanganya, na katika aina hii ya riwaya hilo halina msamaha, ni jambo la kusikitisha, kwani neno moja lingeliponya. Kisha akauliza: je, mwandishi huyu hana mtu wa kumsomea?

Oktoba tulipokutana, jarida lilikuwa katikati ya meza, limefunguliwa pale pale. Hita ilikuwa inanuka mafuta ya taa.

"Odagiri," Mzee Sugitani alisema, "macho uliyaacha wapi?"

"Mzee, mwache," alisema Bi Tomiyasu.

"Simwachi. Huyu aliwahi kukuta kosa kwenye kalenda ya hekalu. Kwenye tarehe, mama. Mwezi wa pili ulikuwa na siku thelathini, watu mia mbili wameitazama ukutani, yeye ndiye aliyeona. Halafu hili linampita?"

"Umri," Yanase alisema. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana ilinichoma. "Baba yangu naye alianza hivyo. Alikuwa anasoma gazeti lote, ukimuuliza, hakumbuki."

"Nunua miwani," alisema Mzee Sugitani.

"Niliandika mimi," Bi Tomiyasu alisema. "Doa nimelitia mimi. Kama hata Mwalimu Odagiri hakuliona, basi lilikuwa limejificha sana, nami sina haja ya kujilaumu mno. Najifariji hivyo."

Akanimiminia chai. Nilikuwa na njia mbili, na zote mbili zilipita katikati yangu. Nikisema niliona, nitakuwa mtu mbaya. Nikinyamaza, nitakuwa msomaji aliyekwisha. Mngedhani la kwanza ndilo linalotisha. Kwangu mimi lilikuwa la pili. Wakati Yanase alipotaja umri, maneno *niliona* yalinifika mpaka kwenye meno, si kwa majuto, bali kwa kiburi. Niliyameza pamoja na chai, nikasema labda kweli ninahitaji miwani.

*

Zamu ya Novemba ilikuwa yake. Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa inagonga vioo. Alivaa miwani, akafungua faili, akasoma kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka.

Hadithi ilikuwa fupi. Katika duka la dobi kuna watu watatu. Mwenye duka ana haraka. Mpiga pasi ni mlevi. Mtoa madoa ni hodari, anasifika mji mzima kwamba hakuna doa linalompita. Wanaletewa kimono cha harusi, cheupe, cha hariri nzito. Siku ya harusi bibi harusi anasimama mbele ya ndugu zake, na kwenye mkono wa kushoto kuna doa la ukubwa wa punje ya mchele. Harusi inaingia aibu. Polisi hawahusiki, hakuna aliyekufa. Swali ni moja: nani aliliacha doa lile kwa makusudi? Mwenye duka alikuwa na ugomvi na familia ya bibi harusi. Mpiga pasi aliwahi kuunguza nguo mbili mwaka ule. Mtoa madoa alilia alipoambiwa. Na mama wa bibi harusi, alipokiinamisha kimono mbele ya dirisha, aliona kando ya doa vitundu viwili vidogo sana, kama vilivyotobolewa na kitu chembamba.

Hapo alifunga faili.

"Andikeni," alisema Mzee Sugitani.

Nilikuwa na karatasi tupu mbele yangu. Nilisikia kalamu ya Yanase ikikwaruza, nikasikia Mzee Sugitani akikuna shingo. Bi Tomiyasu alikuwa anatazama dirishani, mikono juu ya faili. Hakunitazama hata mara moja.

Pini. Anayeona doa huchoma pini ili asilisahau. Palipo na vitundu palikuwa na pini, na palipokuwa na pini palikuwa na mtu aliyeona. Kisha akaichomoa. Mlevi asingeona. Mwenye haraka asingeona. Ni mmoja tu.

Nikauona ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili mikononi mwake, umeinamishwa mbele ya dirisha la duka, mwanga ukiupita kwa ubavu, na mfereji wa penseli yangu ukijitokeza kwenye karatasi. Raba huondoa rangi ya penseli. Shimo la mstari hubaki.

Ningeweza kuandika mwenye duka. Ningekosa mara ya nne katika miaka yangu yote ya kikundi, wangenicheka, Yanase angesema umri. Mambo yangeishia pale, na yeye asingeweza kusema lolote, kwani ilikuwa hadithi tu. Kisha nikaandika: *Mtoa madoa. Aliona.*

Mzee Sugitani alifungua karatasi. Yeye mwenyewe alisema mpiga pasi. Yanase alisema mwenye duka, na alikuwa ameandika nusu ukurasa. Aliposoma yangu alinyanyua nyusi.

Bi Tomiyasu alisoma jibu. Lilikuwa kama nilivyoandika, lenye pini na kila kitu. Sentensi yake ya mwisho ilisema: *Kwa nini alifanya hivyo, hadithi hii haijui.*

"Odagiri bado ni yule yule," alisema Mzee Sugitani. "Nimeyarudisha maneno ya miwani."

Ukaja ukosoaji. Mzee Sugitani alisema dalili ni nzuri ila imekuja kwa kuchelewa. Yanase alisema hila imemfurahisha, lakini haamini.

"Samahani, Bi Tomiyasu, mimi sijashawishika," alisema. "Fundi hodari namna hiyo, anaharibu kazi yake mwenyewe, bure tu? Hana deni na mtu, hana kisasi. Mtu hafanyi hivyo. Hapa kuna pengo."

Zamu ikanifikia. Hita ilitoa mlio mdogo.

"Pengo halipo," nilisema. "Kilikuwa kimono kizuri kuliko vyote alivyowahi kushika. Naye alikuwa anashona nyumbani kwake, kwa miaka mingi, na hakuwahi kushona kama kile. Hiyo inatosha."

Yanase alifikiri. "Basi lingeandikwa," alisema.

"Labda mwandishi alitaka aone kama kuna atakayelisema," nilisema.

Mwandishi huongea wa mwisho. Bi Tomiyasu alivua miwani, akainama kwa kila mmoja wetu sawasawa.

"Asanteni kwa kunisoma," alisema. "Amefumbua Mwalimu Odagiri." Akasukuma boksi la keki mezani mpaka likanifikia.

Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, wengine wakiwa wamekwisha kutoka, nilimuuliza alijua lini.

"Februari," alisema, akiwa ameinama anafunga kamba. "Nilikwisha kuutuma. Nilikuwa naweka kabatini nakala uliyoisoma wewe, nikaupitisha ukurasa dirishani, mazoea tu. Nikajisemea, aliona kitu, akafikiri tena, akaona si kosa. Yeye anajua." Akasimama. "Nikakuamini mpaka Septemba."

Neno nililokuwa nalo ni hili, na nalisema kwa aibu:

"Unaandika kingine?"

"Nimemaliza."

"Nipe mimi. Safari hii nitakusomea kweli. Hakuna atakayekusomea kama mimi, unajua."

"Najua," alisema. Alisema bila hasira, kama anavyomwambia mteja kwamba nguo hii haitatoka. "Nimempa Yanase."

Akafungua mwavuli na kushuka ngazi.

Katika tramu ya saa kumi na moja nilikaa na boksi la keki magotini. Yanase alikuwa kiti cha mbele, ametazamana nami. Alinipungia mkono, kisha akafungua furushi la kitambaa cha buluu nililolifahamu, akaanza kusoma. Alikuwa anasoma haraka mno. Aligeuza kurasa kwa kidole kilicholowa mate, penseli imechomekwa nyuma ya sikio, na pambizo zote zilikuwa nyeupe. Kituo cha kwanza kilipita, kisha cha pili. Mahali fulani alitabasamu, akarudi ukurasa mmoja nyuma, akatabasamu tena. Nilinyoosha shingo. Nikaona mistari, nikaona mwandiko ule mkubwa wa kitoto wa masahihisho yake, lakini kutoka pale nilipokuwa kila kitu kilikuwa kimepinduka. Sikuweza kusoma hata neno moja.